Mguu Haukujua Kwamba Nimekonda

Baada ya kumzika dada yangu mkubwa, mama alianza kunilisha.

Sisemi kwamba zamani nilikuwa nalala njaa, hapana. Baba alikuwa askari jela, tulikaa kambini hapo Jinja, na posho, ndio ugali wetu, na maharage havikukosekana hata baba alipohamishiwa kaskazini akawa anakuja mara moja moja. Lakini kulisha kule kulikuwa kitu kingine. Asubuhi uji wa maziwa na mandazi. Jua halijapanda vizuri, ndizi mbivu za kukaanga. Mchana matoke na mchuzi wa karanga, na sahani ya pili ilifika mimi bado natafuna ya kwanza. Tena sikulia ndani. Mama alitandika mkeka barazani, upande wa njia ambayo wanawake wote wa kambi walipita kwenda bombani, akaniketisha hapo kama mahindi yaliyoanikwa.

"Mama, huku kuna nzi. Niingie ndani?"

"Kaa hapo hapo. Mtu akipita aone."

Dada alikufa kwa silimu. Ndivyo tulivyouita ukimwi siku zile, kwa sababu ulimkausha mtu mpaka nguo zikawa zinatembea peke yake. Alikuwa mrembo wa kambi nzima, na mwishoni mtu mmoja tu alitosha kumbeba kumtoa nje aote jua. Tangu tulipomzika, nyumba yetu ikawa inatazamwa. Jirani aliyezoea kuazima chumvi kwetu akaanza kuifuata mbali. Na mwanamke mmoja alimwambia mama pale bombani, mbele ya watu, kwa sauti laini ya huruma, "Pole sana, mama. Ugonjwa huu ukishajua mlango haubebi mmoja."

Mama hakumjibu. Alirudi na ndoo yake, akainjika sufuria.

Jibu lenyewe nilikuwa mimi. Ilibidi ninenepe mpaka asibaki mtu kambini wa kusema kwamba nyumba ile ina ugonjwa. Nami nilikula. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sekondari haikuwezekana, kazi sina, na matoke ya mama yalikuwa matamu, nisikudanganye. Halafu nilikuwa namtazama akinitazama. Kila tonge nililomeza lilimlegeza uso kidogo. Ningekataaje?

Miaka ikaenda hivyo. Nikapanuka. Mlangoni nikawa naingia kwa ubavu. Mapaja yakachubuana, chini ya matiti na kwapani yakatoka majipu, moja likipona mwenzake anachomoza. Mafua yakipita Jinja yalilala kwangu kwanza. Nikimwonyesha mama majipu alifurahi.

"Hiyo ni damu nzito. Wagonjwa wana damu nzito wapi?"

Watoto wa kambi walinipokea kila nilipotoka. "Lori la matoke! Pisheni, halina breki!" Mimi nilikuwa na mdomo pia. Nilipiga honi, nikaongeza mwendo, wakatawanyika wakicheka. Nilijifunza mapema kwamba ukicheka wa kwanza, kicheko cha wengine kinakuta pameshakaliwa.

Waendesha boda boda ndio walionishinda. Siku zile boda boda ilikuwa baiskeli, ina kimto kidogo juu ya keria. Wakiniona natoka sokoni na kikapu, wote waliinama ghafla kukagua matairi. Siku moja akapatikana mgeni, kijana wa kutoka Budondo, bado ana haraka ya maisha.

"Panda, sista! Hii baiskeli ni chuma, hata bwana harusi na bibi harusi nilishabeba pamoja."

Nikapanda. Wenzake wakapiga makofi. Tulikwenda vizuri kabisa, upepo usoni, najiona malkia, mpaka kwenye mteremko. Hapo kitu kikalia *ka!* chini yangu, keria ikakatika, nami nikashuka barabarani na kimto changu. Bolti iliyobaki kwenye chuma ilinipasua mguu, kwenye muundi, kutoka juu kwenda chini.

Watu walikuja mbio. Nilidhani wamekuja kuniinua. Wakasimama kunizunguka, wakacheka. Kuna mzee alicheka mpaka akashika mti. Kijana wa watu alikuwa amepiga magoti mbele ya gurudumu lake lililojikunja, analia machozi, "Umeniulia mtoto! Umeniulia mtoto!" Na mama mmoja muuza nyanya akamwambia, "Si ulisema umebeba harusi? Sasa umebeba harusi, bwana harusi, wapishi na sufuria zao." Hata mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nilipotaka kusimama, nikasikia kiatu kimejaa, nikatazama, ni damu.

Kidonda kile kingempata mtu mwingine kingepona kabla ya mahindi kukomaa. Changu kilikataa. Mama alikiosha kwa maji ya chumvi, akakiwekea majani, akakitia unga wa vidonge. Kikafunika juu kama kifuniko cha sufuria, ukikibonyeza chini ni usaha. Ngozi ya pembeni ikawa nyeusi, inang'aa, ina joto. Jioni mguu wote ulivimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo.

Mwishowe mama alinipeleka kwa daktari hapo mjini, mtu wa makamo mwenye miwani. Akauliza ninakula nini. Mama akahesabu vyakula vyote kwa fahari, kimoja kimoja, kama anasoma majina ya wajukuu. Daktari akavua miwani.

"Mama, mtoto unamjaza. Mwili wake wote unawaka ndani, ndiyo maana kidonda hakifungi. Apungue. Akipungua mguu utapata nafuu."

Njiani mama alitembea mbele kwa haraka mpaka tulipokaribia kambi. Kisha akasema, "Daktari yule hajazika mtu." Jioni ile aliniongezea nyama.

Lakini mimi lile neno nililishika. *Akipungua mguu utapata nafuu.* Nililala nalo, nikaamka nalo. Na nilikuwa na sababu yangu ambayo mama hakuijua.

Pale mjini, kwenye mlango wa benki moja, alikuwa anasimama askari mwanamke. Si polisi, ni wa kampuni ya ulinzi. Kampuni zile zilikuwa zimeanza kuwa nyingi, na zilitaka wanawake wa kupekua mikoba ya wanawake wenzao. Alikuwa na bereti, mkanda mpana, buti zinazong'aa, na wanaume wenye suti waliinua mikono mbele yake kama watoto. Nilikuwa nikitumwa mjini napita hapo hata kama si njia yangu. Siku moja nilijikaza nikamsalimia.

"Afande, kazi hiyo mtu anaipataje?"

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akachelewa kufika chini. Hakunicheka, namshukuru mpaka leo.

"Wanaandikisha Mbale kila mwaka, baada ya mavuno. Unakimbia kwanza. Halafu wanaangalia miguu. Hii kazi ni ya kusimama, dada, kutwa nzima. Wenye miguu mibovu wanarudishwa hapo hapo."

Basi nikawa na ndoto yangu kamili, ina bereti na mkanda. Nilikuwa naiendea chini ya blanketi: nasimama mlangoni, mwanamke wa bombani anakuja na mkoba wake, namwambia, "Fungua, mama, tuone umebeba nini." Nakonda, mguu unapona, naandikwa. Kwangu mambo hayo matatu yalikuwa njia moja tu iliyonyooka.

Kwa mama nisingekonda kamwe. Nikamwomba baba, alipokuja likizo, anipeleke kwa dada yake Mbale nikamsaidie biashara. Baba alinitazama nimekaa kwenye mkeka wangu, akatazama barabara, nadhani alielewa. Mama alilia siku mbili, akanifungia gunia zima la mandazi.

Shangazi aliyagawa mandazi yote kwenye kituo cha taksi kabla hatujafika nyumbani.

Alikuwa mwembamba, mkavu, na ulimi kama kisu cha kumenyea muwa. Aliuza malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi, na kabichi za mlimani, na mahindi aliyoyafuata Busiu.

"Mtoto wa kaka yangu," alisema, "mimi sina kitanda cha kukutosha, na sina muda wa kukuhurumia. Hapa mzigo unabebwa na mwenye mgongo, na wewe mgongo umepewa wa watu watatu."

Basi nikabeba. Alfajiri tulipanda upande wa mlima kufuata kabichi, tukarudi nazo kichwani. Siku za kwenda Busiu alinipandisha gari wakati wa kwenda tu. Kurudi tulitembea, yeye mbele anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kukwaruza, mimi nyuma napumua kama treni. Nikikaa chini alinisubiri, akiwaambia wapita njia, "Msihofu, ni mlima mdogo umechoka." Chakula chake kilikuwa malewa kidogo, mboga nyingi, na posho ya ukubwa wa ngumi. Nililia kwa njaa, kweli. Baadaye nikaanza kukimbia mwenyewe, nikizunguka uwanja wa shule ya jirani kabla wanafunzi hawajafika.

Uzito ulitoka taratibu, halafu ukatoka kwa haraka, kama wageni walioona mvua. Msimu mmoja na nusu ukapita nikawa mtu mwingine. Nilikuwa na shingo! Magoti yalinyamaza. Majipu yakapungua. Ngozi tu ndiyo haikupata habari, ilibaki inaning'inia mikononi na tumboni kama nguo ya kurithi. Shangazi alinishonea sketi mpya, akanizungusha mbele ya mlango, akasema, "Kumbe humo ndani mlikuwa na msichana." Kwake yeye hayo yalikuwa maneno ya mapenzi makubwa.

Na mguu?

Mguu ulikuwa vilevile. Nilikuwa naufungua kila asubuhi kwa matumaini, kama mtu anayechungulia mtego. Kidonda kilipungua kidogo, kikafunga, nikaimba, kikapasuka tena. Weusi ule ule. Joto lile lile. Nikijikwaruza mkono kwenye miba, mkono nao ulichukua wiki na wiki. Nikajiambia bado sijakonda vya kutosha. Nikapunguza hata ile ngumi ya posho.

Krismasi nilikwenda nyumbani. Nilivaa ile sketi mpya. Nilishuka kwenye taksi na kuingia kambini najisikia nyepesi, natamani wale watoto waone lori lao limekuwa baiskeli. Watoto waliniona. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alianza, "Lori la—" mkubwa wake akamziba mdomo. Wanawake waliokuwa bombani waliacha maji yakamwagika juu ya ndoo. Nikawasalimia, wakaitika wote pamoja, kwa upole mbaya sana. Ndipo yule wa sauti laini akasema, si kwangu, kwa mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Si nilisema? Haubebi mmoja."

Mama alikuwa mlangoni. Alinitazama, akatazama nyuma yangu njia ilivyo na watu, akanivuta ndani kwa mkono, akafunga mlango na dirisha.

"Umeniua," alisema. "Dada yako aliniua mara moja. Wewe umeniua sasa hivi, mchana, mbele ya watu."

"Mama, siumwi. Nilikuwa nakimbia. Hata damu nilipimwa Mbale, ni nzima."

"Damu ataiona nani? Watu wanaona damu?"

Siku ile hakunipa ruhusa hata ya kwenda chooni kabla giza halijaingia. Na asubuhi ya Krismasi, kwa kuwa kutokwenda kanisani kungekuwa kukiri, alinivalisha. Kwanza sweta la baba. Juu yake gauni langu la zamani, alilikunja kiunoni akalifunga kwa kamba. Juu yake gauni la pili. Kanga akanizungushia kwenye nyonga, mbili, akazibana kwa pini. Kisha gauni kubwa la sikukuu la wakati ule nilipokuwa mnene. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akanitazama, na uso wake ukalegea, ule uso wa wakati wa matonge.

"Sasa kaa hivyo hivyo," alisema. "Usikimbie, usiiname."

Ninampenda mama yangu. Nilikwenda.

Kanisa lilijaa, jua la Desemba, mabati yanalia. Tulikaa mbele, ndiko alikotaka. Jasho lilianza mgongoni likafika kwenye soksi. Mguu uliovimba ukavimba tena ndani ya joto lile, na wakati watu wanaimba nilisikia kidonda kinafunguka, polepole, kama bahasha. Kikachuruzika. Nzi akaja, akaleta wenzake. Mtoto aliyekaa sakafuni karibu na miguu yangu akaanza kuwahesabu kwa sauti. Mama yake akamvuta, kisha akamtazama mama yangu, kisha akatazama shingo yangu nyembamba iliyochomoza juu ya nguo zote zile kama mti wa bendera. Akasogea. Benchi letu likabaki na nafasi ya kulala mtu. Mama aliimba mpaka mwisho, akitazama mbele, sauti haikutetemeka.

Nilirudi Mbale kabla ya mwaka mpya. Mguu ulikuwa mwekundu mpaka gotini na mwili una homa. Shangazi hakutania. Alinipeleka hospitali moja ndogo kule mjini, kwa daktari kijana aliyeonekana hajalala. Alinisafisha kidonda, akanichoma sindano, kisha nikamwuliza swali langu. Nimekonda, nimefanya nilivyoambiwa, mbona mguu hausikii?

Akauliza nilikuwa mnene kiasi gani na kwa muda gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akauliza nakaa wapi, nikasema nimekulia kambini, baba ni askari jela. Akatabasamu.

"Basi utanielewa. Mafuta yakikaa mwilini miaka mingi hayakai kimya kama gunia stoo. Yanapiga filimbi usiku na mchana, yanaita askari wa mwili, wale wanaopigana na wadudu. Askari wanakuja, wanakuta hakuna adui. Lakini filimbi inalia. Wanafyatua tu. Wanachoma nyumba za watu wao. Huo ndio uvimbe, hilo ndilo joto."

"Lakini filimbi imenyamaza sasa, daktari. Mafuta yametoka."

"Yametoka. Na wewe mtoto wa kambi niambie: jeshi lililozoea vita, siku likiambiwa vita vimekwisha, wote wanarudisha bunduki asubuhi yake?"

Nilicheka, maana hilo hata mtoto wa Uganda anayenyonya analijua.

"Wengine wanabaki porini," akasema. "Wamejifunza kazi moja, hawajui nyingine. Wanaweka vizuizi barabarani, wanapiga wapita njia. Na mdudu wa kweli akiingia kwenye kidonda, wanamkosa, kwa sababu wamechoka na wamechanganyikiwa. Kukonda umefanya vizuri. Umeokoa magoti, pengine na moyo. Ila mwili unakumbuka."

"Utakumbuka mpaka lini?"

"Sijui. Hata waliosoma kuliko mimi, nadhani hawajui bado." Akaanza kufunga bendeji. "Uuinue mguu ukikaa. Uusafishe. Usisimame kutwa, na usikimbie."

Sasa, nikiandika haya, mguu ule unafunga na kufunguka kwa ratiba yake mwenyewe, na mvua za kwanza zikija unawaka kabla sijaona wingu. Lakini siku ile sikutaka kusikia. Katika maneno yake yote nilichukua *umefanya vizuri*, mengine nikayaacha mezani pake. Kuandikisha kulikuwa kumekaribia. Shangazi aliyasikia yote, na njiani akasema, "Amesema usikimbie." Nikamwambia, "Amesema nimefanya vizuri." Wiki iliyofuata aliniletea raba nyeupe, mpya, sijui aliuza malewa kiasi gani, akazitupa kitandani bila neno.

Tulikuwa wengi uwanjani siku hiyo. Mwenye kuandikisha alikuwa mwanajeshi mstaafu, mfupi, kifua mbele, fimbo kwapani, na Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, cha kuvunjavunja.

"Nyinyi wanawake! Nataka kazi ama nataka harusi? Kama nataka harusi, barabara ile pale! Simama mstari!"

Alitugawa makundi mawili. Letu likakimbia kwanza, kuzunguka uwanja. Nilikuwa nimefunga kidonda kwa bendeji safi na kuvuta soksi ndefu mpaka gotini. Filimbi ikalia, nikaenda. Sijui nikuelezeje. Wote waliowahi kuniona nimejaa kwenye mkeka, wote walioshika miti wakicheka, ningetaka wawe pale. Mguu ulikuwa unauma na sikujali. Nilimpita mmoja, nikampita mwingine, upepo uliingia chini ya ile ngozi ya mikono ukaipeperusha, nikasema moyoni, peperuka, mama, hii ni bendera. Nilimaliza wa pili. Yule afande alinionyesha kwa fimbo.

"Huyu! Huyu mtu ya kazi! Tazama huyu!"

Nikatazamwa. Nikaanza kuisikia bereti kichwani.

"Sasa miguu. Toa viatu, toa soksi."

Alipita mbele ya mstari, anagusa miundi kwa ncha ya fimbo kama mtu anayenunua ng'ombe. "Sawa. Sawa. Hii kama ya mbuzi lakini sawa." Akafika kwangu. Soksi ilikuwa bado juu.

"Wewe, mtu ya kazi. Soksi."

Nikaishusha. Bendeji ilikuwa imelowa, ya manjano na nyekundu. Akaibandua kwa fimbo.

"Hii nini?"

"Kidonda cha baiskeli, afande."

"Baiskeli ya lini?"

"Zamani, afande."

"Zamani!" Aligeukia mstari. "Kuja tazama! Kidonda ya zamani, nalia machozi ya leo!"

Wakacheka. Msichana aliyekuwa wa kwanza kwenye mbio, jirani yangu kwenye mstari, alisogeza mguu wake mbali na wangu. Afande akainua fimbo, akaipitisha chini ya mkono wangu, ngozi ikabembea.

"Na hii ngozi umeazima kwa nani? Mwenyewe ni mkubwa sana, atakuja kudai."

"Nilikuwa mnene, afande. Nimekonda kwa kukimbia."

"Kila mtu naanza konda nasema alikuwa nakimbia."

Hapo walicheka kwa namna nyingine, kwa pua, macho chini.

"Nimepima damu, afande. Mimi ni mzima."

"Mimi nauliza damu? Mimi natazama mguu." Kisha, na hili ndilo lililoniumiza, sauti yake ikashuka ikawa karibu ya baba. "Mtoto, umekimbia vizuri sana. Sasa kimbia nyumbani. Toka kwa mstari."

Nikatoka. Nilikaa kwenye nyasi, kando ya wale wa kundi la pili waliokuwa wanangoja. Nilikuwa nafunga bendeji ile ile chafu, ndipo msichana mmoja akachutama mbele yangu. Mdogo, mweusi tii, macho makubwa, miguu mitupu imejaa vumbi la barabara ya Busiu.

"Dada, pole."

"Asante."

Akatazama pembeni, akarudi. "Dada, zile raba utazihitaji tena leo? Nimeona mguu wako ni kama wangu. Mimi sina viatu, na ardhi ile ina changarawe."

Nilimtazama miguu. Miundi yake ilikuwa laini kama gome la mpera, hakuna hata alama ya mbu. Nikampa. Alizivaa haraka, akaruka mara mbili, akacheka peke yake kwa jinsi zilivyo laini, akakimbilia mstari.

Filimbi ikalia. Alikuwa anakimbia vibaya, mikono hewani kama anafukuza kuku, na alikuwa karibu ya mwisho. Nilisimama. Sikupanga kusimama. Nikaanza kumpigia kelele, "Kaza! Kaza mdogo wangu! Shusha mikono! Pumua!" na nikawa naruka kwa mguu mmoja, watu wananitazama. Akashusha mikono. Akaanza kuwapita. Kwenye kona ya mwisho nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, naye akaingia katikati ya walioshinda. Afande akamgusa miundi kwa fimbo, akasema, "Sawa."

Waliochaguliwa hawakupewa muda. Lori lilikuwa linangoja, mafunzo yalikuwa Jinja, na wakaambiwa wapande walivyo. Mdogo wangu alipandishwa kwa mikono na wenzake. Lori lilikuwa limeshaanza kwenda alipoangalia chini, akaona nyayo zake ni nyeupe.

"Dada! Dada! Nitazirudisha!"

"Wapi?" niliita.

Hakusikia. Alikuwa anajaribu kuzivua, amesimama mguu mmoja, lori likayumba, wenzake wakamshika wakimvuta akae, nao wanacheka, wameshaanza kuimba. Nikampungia mkono kwamba basi, akae nazo. Vumbi likawafunika. Nzi walikuwa wamerudi kwenye mguu wangu. Nikavuta soksi juu, nikashika njia ya kwa shangazi, nikitembea kwa soksi, nikitafuta namna ya kumweleza raba ziko wapi.